Madam na Wahusika Wasio na Maneno

Madam hakuwa mtu wa kupendeza. Nalisema hili mapema kwa sababu waliomwona siku za maonyesho tu, amevaa sweta lake la kijani na kuinamisha kichwa watu wakipiga makofi, huenda wakadhani alikuwa mama mpole apendaye vijana. Sisi tuliofanya naye mazoezi kila Jumamosi, miaka nenda miaka rudi, tulimwogopa, na wapo waliomchukia kidogo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwogopa na bado wakarudi.

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kuuliza. Nilipomjua alikuwa tayari amestaafu ualimu wa Kiswahili na kujitwika kikundi cha maigizo katika ukumbi wa mtaa mmoja mkongwe kando ya barabara ya Jogoo. Tulimwita Madam kama walivyomwita wanafunzi wake, ingawa wengi wetu tulikuwa watu wazima wenye kazi zetu. Mimi nilikuwa karani katika ghala la vipuri Industrial Area. Mwende alikuwa msusi. Musyoka alikuwa mchonga vinyago, na ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kutushinda sote, jambo ambalo hakuacha tulisahau.

Kwingineko, mwelekezi akigawa nafasi huanza na stelingi, yule shujaa ambaye mchezo wote unamfuata. Madam alianza na wasiosema kitu. Jumamosi nzima ingeisha akipanga nani anaanua nguo, nani anapita na ndoo ya maji, nani amesimama mlangoni akichokonoa meno, na Musyoka ameketi pembeni amenuna akisubiri zamu ya sauti yake. Watu hawa hawakuwa na sentensi hata moja. Wakishapangika, Madam alipita katikati yao na mwavuli wake, ambao aliubeba hata wakati wa kiangazi, akaunyoosha kwa mmoja.

"Wewe. Unanyamaza kwa sababu gani?"

Ole wako useme, "Kwa sababu sina maneno, Madam." Aliyesema hivyo alishushwa jukwaani, akakaa na Musyoka. Ilikupasa utoe sababu ya yule unayemwigiza. Mara yangu ya kwanza nilijibu kwamba naogopa. Akasema kila mtu anaogopa, hilo si jibu, naogopa nini hasa? Nikasimama pale jasho likinitoka, mwishowe nikamwambia kwamba mtu wangu aliwahi kusema siku moja, akaulizwa yeye ni nani hapa, na hataki kuulizwa tena. Madam akashusha mwavuli, akaenda kwa mwingine. Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwake, na nakiri ilinitosha kwa muda mrefu.

Jambo jingine alilokataza ni kulia. Msichana mmoja aliyejiunga nasi alikuwa na kipaji cha machozi, ukimwambia lia analia papo hapo. Madam alimtazama mpaka akamaliza, akamwambia, "Ukilia wewe, watazamaji watapumzika." Msichana hakuelewa, akahamia kwaya ya kanisa, na nasikia huko wanampenda.

Sasa, mtu anayesikia haya atafikiri kwamba nyumbani kwake Madam alikuwa jirani mwema wa kupigiwa mfano. Hata kidogo. Alikaa katika zile nyumba ndogo za zamani za kanjo, yaani za baraza la jiji, akajiwekea geti la mabati lililofungwa saa zote. Hakuwa na chama cha akina mama cha kuweka akiba. Kanisani aliketi karibu na mlango na kutoka kabla ya matangazo, kwa maana matangazo ndiyo saa ya kuwekwa kwenye kamati. Alikuja mazoezini na chupa yake ya chai ya rangi, na miaka yote hiyo sikumwona akimmiminia mtu kikombe. Musyoka alizoea kusema, "Huyu Madam anatufunza ujirani na yeye mwenyewe hana jirani." Tulicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Siku moja nilimpelekea mapazia ya jukwaa. Aliyapokea pale getini, akasema, "Asante, rudi salama," akafunga. Mama mmoja wa nyumba ya pili aliniona nimesimama kama bwege, akanicheka. Akaniambia wamekaa ukuta kwa ukuta tangu watoto wake hawajaenda shule na hajawahi kuona rangi ya makochi ya Madam. Kisha, nilipokuwa nageuka kuondoka, akaongeza kwamba bomba la maji lilipopasuka kwake, Madam ndiye aliyefika na fundi kabla yeye mwenyewe hajajua maji yametoka wapi, akasimama juu ya fundi mpaka kazi ikaisha, akaenda zake bila kuaga. "Sijui ni mtu wa aina gani," alisema.

Ndivyo alivyokuwa mpaka tulipofanya ule mchezo wa ngazi, na ni kwa ajili ya mchezo huo ninaandika.

Habari yenyewe aliileta Mwende. Alikuwa akikaa mtaa wa Pipeline, katika ploti moja ya vyumba vya kupanga, kati ya zile ndefu zilizobanana hata jua halijui lipite wapi. Kwenye ngazi za orofa ya nne, kile chuma cha kushikilia kilikuwa kimeng'oka ukutani upande mmoja. Kilikaa hivyo muda mrefu. Wapangaji walishuka wakipitia upande wa ukuta, na watoto wao waliwashika mikono. Kuna aliyekifunga kwa kamba, halafu kuna aliyeichukua kamba akaanikia nguo. Mtoto mmoja, Ivy, ambaye hakuwa hata ameanza chekechea, akamtangulia mama yake aliyekuwa amebeba beseni la nguo, akashika kile chuma, na chuma kikaenda naye. Fundi wa kuchomelea aliitwa wiki hiyo hiyo ya mazishi. Mwende alisema kazi yake ilikuwa ndogo hivi kwamba alimaliza kabla ya chai aliyoletewa kupoa.

"Kila mtu alikuwa anajua, manze," Mwende alisema. "Hata mimi. Nilikuwa napitia tu upande wa ukuta."

Madam alikuwa ameshika kifuniko cha chupa yake. Akakiweka chini. Akauliza mama wa mtoto yuko wapi.

Mama Ivy alikuwa bado mle mle, orofa ya nne. Alifanya kazi ya kupakia biskuti kiwandani, na kila jioni alipanda ngazi zile zile. Katika ploti ilikuwa imeamuliwa kimyakimya kwamba kosa ni lake: mama gani anaacha mtoto atangulie? Yeye mwenyewe alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayesoma. Lakini wakili mmoja anayejitolea kwa watu wasio na uwezo alikuwa amemweleza kwamba mwenye ploti anaweza kujibu mashtaka, ikiwa tu wapangaji watajitokeza kusema kwamba chuma kilikuwa kimelegea na kwamba msimamizi wa ploti, yule keateka, alikuwa ameambiwa. Bila wao, kitabaki kisa cha mama na beseni lake. Alihitaji watu wa kusema, basi. Alikuwa ameuliza milango kadhaa, na kila mlango ulimpa pole. Hakuna aliyetaka kuamka na kukuta kufuli la mwenye ploti mlangoni pake.

Madam alienda kumwomba ruhusa. Mwende alimsindikiza, na ndiye aliyetusimulia. Mama Ivy alisikiliza, akakunja nguo za watu wazima moja baada ya nyingine, akasema, "Fanyeni tu. Lakini msinionyeshe nikilia sana."

"Kwangu hakuna anayelia," Madam akamjibu.

Tukaanza. Hakukuwa na maandishi yoyote. Madam alitupanga kwenye ngazi za ukumbi, kila mmoja na orofa yake, akapita na mwavuli wake akiuliza swali lake lile lile, na majibu yetu ndiyo yakawa mchezo. Mimi nilikuwa Mpangaji wa Tatu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nahama mwisho wa mwezi. Mwende alinyamaza kwa sababu hakuwa na mtoto. Mwingine alinyamaza kwa sababu alidhani mwenye sauti kuliko yeye ameshasema. Ilikuwa kazi ngumu na niliipenda, ingawa nilirudi nyumbani nikiwa mzito, na nikaanza kuvitazama vyuma vya ngazi za kwetu.

Musyoka ndiye aliyeuliza swali ambalo sote tulikuwa tunalizunguka.

"Madam, niambie kitu moja. Landlodi ako wapi kwa hii mchezo?"

"Hayumo."

"Na si ploti ni yake? Yaani sisi tunalipa rent, halafu tunakuja kujilaumu tena?"

"Landlodi kila mtu anamjua, Musyoka. Ukimweka jukwaani watu watamzomea, watacheka, watarudi kwao wakiwa safi. Mimi nawataka wale wengine."

"Sawa," Musyoka alisema. "Lakini wacha niseme tu. Hao wengine ni sisi."

Madam alimnyooshea mwavuli arudi kwenye ngazi yake. Alikuwa na tabia ya kutojibu jambo lililo na uzito, akakuacha ukidhani hakulisikia.

Tulionyesha mchezo Jumapili moja baada ya misa, ndani ya ua wa ploti yenyewe. Keateka alitoa ruhusa kwa urahisi uliopaswa kutushtua. Watu walijaa kwenye vibaraza orofa zote, nguo zikining'inia juu ya vichwa vyao, na Mama Ivy alisimama chini karibu na tangi la maji. Mwisho wa mchezo, kila mpangaji alishuka ngazi, akasimama mbele ya mama, akasema neno moja: "Nilijua." Tulilisema mmoja baada ya mwingine mpaka mtu wa mwisho. Nilisikia mtu juu akivuta kamasi, na moyoni nikajiambia kwamba tumefaulu.

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa keateka. Alipiga kwa nguvu, mikono juu, na alikuwa wa mwisho kuacha. Kisha akapita katikati, akashukuru wageni.

"Mimi nimefurahi sana," alisema. "Hawa vijana wametufunza. Hakuna haja ya kunyosheana vidole. Kosa ni letu sote, si ndio?"

"Ndiooo," watu wakajibu, kama wanavyojibu kanisani.

"Basi tusameheane, tusonge mbele."

Mama Ivy alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Mwende alimfuata, na kule juu Mama Ivy alimgeukia. Alimuuliza, "Sasa wakili nitamwambia nini? Kwamba ni sisi wote?"

Madam aliyasikia hayo tukiwa tunafunga mizigo. Nilimwona usoni. Sijui kama niliwahi kumwonea mtu huruma kiasi kile, na hakuwa mtu wa kumwonea huruma. Alibeba kiti chake mwenyewe mpaka barabarani, akakataa kusaidiwa.

Jumamosi iliyofuata alitusimamisha wote.

"Nimekosea," alisema. "Tulitaka kumpunguzia mama mzigo, tukampunguzia landlodi. Kosa likishakuwa la watu wote, watu hulitandika wakalilalia. Musyoka alisema."

"Nilisema," Musyoka alisema.

"Ulisema."

Alitaka kuongeza neno, Musyoka, lakini akaona haifai. Nadhani ndiyo siku alipoanza kumpenda Madam.

Madam alibadilisha mwisho. Mpangaji hakusema tena kwamba alijua. Alisema alimwambia nani, akiwa amesimama wapi, na akajibiwa nini. Halafu aliwageukia watazamaji akauliza, "Nani mwingine alikuwa hapo?" akangoja. Hakukuwa na pazia wala kuinama wala mwisho. Tulimuuliza Madam tungoje kwa muda gani. Akasema tungoje mpaka ngoja ituume.

Keateka, aliyekuwa shabiki wetu, safari hii alifunga geti. Tukasimama nje, kwenye tope kando ya kibanda cha mama mboga, tukaanza hapo hapo, na vibaraza vikajaa tena. Zamu yangu ilipofika nilisema maneno yangu, nikauliza nani mwingine alikuwa hapo, nikangoja. Pikipiki ilipita. Mtoto aliita mama yake. Nilitamani ardhi inimeze, kwa kweli. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka orofa ya pili.

"Mimi nilikuwa. Nilimwambia keateka hapo kwa geti. Akasema ataambia mwenyewe."

Alikuwa fundi wa viatu, mtu ambaye Mwende hakuwahi kumsikia akizungumza zaidi ya salamu. Mama mboga naye, aliyekuwa nyuma yetu akikata sukumawiki, hakuacha kukata. Akasema, "Na mimi nilikuwa hapa nikisikia akimwambia. Msinitazame hivyo."

Hao wawili walikubali kwenda kortini. Hapa ningependa kusema mambo yalinyooka, ila watu wa mitaa yetu tuna namna yetu ya kupotea.

Siku ya korti ilipofika, Mama Ivy alienda mapema, akaingizwa ndani na wakili wake, akazima simu kama walivyoagizwa. Fundi wa viatu na mama mboga walifika baadaye kidogo, wamevaa nguo za kanisani, wakamuuliza askari wa mlangoni kesi ya Mama Ivy iko chumba gani. Askari akacheka. "Hapa hakuna Mama nani," akawaambia. "Hapa kuna majina." Wakatazamana. Walikuwa wamekaa na yule mwanamke miaka mingi, wamekopeshana chumvi na viberiti, wamemzika mtoto pamoja naye, na hakuna aliyejua jina lake. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa pembeni, anakuwa mama wa fulani kwa jirani, kwa mwalimu, hata kwa mwenye duka. Wakaketi kwenye benchi la ukumbini, wakasikiliza karani akitoka na kuita majina asubuhi nzima, kila jina wakiulizana kwa macho kama ndilo. Wakaona aibu kuuliza tena.

Ndani, hakimu aliuliza mashahidi wako wapi. Wakili akamgeukia Mama Ivy. Mama Ivy akatazama nyuma, akaona sura asizozijua, akasema, "Hawakuja." Kesi ikaahirishwa.

Wakakutana getini saa za chakula. Yeye aliwaona na zile nguo za kanisani, akadhani wamechelewa makusudi ili waonekane tu, akawapita. Mama mboga aliita, "Mama Ivy!" na hakugeuka. Tangu mtoto azikwe watu walikuwa wameacha kumwita hilo jina usoni pake wakidhani linamuumiza. Walimwita "wewe mama", au walikohoa kwanza kabla ya kumsemesha. Na siku hiyo lilipotajwa, lilitajwa kwa kelele nje ya korti.

Mwende ndiye aliyefumbua fumbo lote, kwa kusikiliza upande huu na upande ule akisuka. Alipomweleza Madam, nilikuwepo. Madam akauliza, "Jina lake ni nani?" Mwende hakujua. Akanitazama mimi. Mimi ningelijulia wapi?

"Nimemtungia mchezo mzima," Madam alisema, "na simjui jina."

Nasikia alienda Pipeline peke yake, akapanda mpaka orofa ya nne, akakaa huko kwa mazungumzo ambayo hakuna anayeyajua. Ninalojua ni kwamba baada ya hapo mtu huyu wa geti la mabati, aliyetoka kanisani kabla ya matangazo, alianza kubisha milango ya ploti ile, orofa baada ya orofa. Mwende alikuwa akimsikia. Hakuwa na ufundi wowote wa kubembeleza. Alibisha, akasalimu, akauliza wewe ulimwambia nani, ukajibiwa nini. Wengine walimfungia mlango. Alirudi. Hakuwa na mchezo safari hii, wala hakutaka makofi ya mtu.

Mimi wakati huo nilikuwa najiondoa kwenye kikundi. Nilikuwa nimeoa, nimehamia mbali, na Jumamosi zangu zilikuwa zimepata wenyewe. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, kama kesi zinavyofanya, na hata leo ninapoandika haijaisha. Sikumwona Madam kwa zaidi ya mwaka.

Nilimkuta soko la Burma, nimeenda na wenzangu wa kazini kula nyama. Alikuwa amesimama mbele ya bucha akibishana na muuzaji juu ya mfupa, akitumia mwavuli kuonyesha kipande anachotaka. Alikuwa amekonda. Sweta lilikuwa lile lile. Nilimwamkia, akaniitikia bila kugeuka, mpaka alipohakikisha kipande chake kimefungwa.

"Mpangaji wa Tatu," akasema. Hakuniuliza habari za mke wala kazi. "Alhamisi una shughuli?"

"Niko kazini, Madam."

"Ni siku ya Nekesa."

Nilikuwa karibu kumuuliza Nekesa ni nani. Alinitazama akingoja, na nikaelewa kabla sijaufungua mdomo, jambo ninalomshukuru Mungu mpaka sasa. Nilimwambia nitaomba ruhusa. Akaenda zake na nyama yake, bila kuaga.

Alhamisi niliwakuta kwenye ule ukumbi wa korti. Nilitarajia wawili, labda watatu. Benchi lote lilikuwa limejaa, na wengine walikuwa wamesimama ukutani: fundi wa viatu, mama mboga, Mwende, Musyoka ambaye hakuwa hata mpangaji, wanawake waliobeba watoto, mzee mmoja aliyekuja na redio yake mfukoni. Siwezi kusema walionekana mashujaa. Walionekana kama watu wanaosubiri daktari, na kadhaa waliniambia baadaye kwamba usiku uliotangulia walikuwa wameshapanga vyombo vyao, iwapo watarudi wakute mlango umefungwa. Mama Ivy alikuwa ameketi katikati. Safari hii hakuingia mapema.

Madam alikuwa akipita mbele ya benchi, polepole kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, akiwainamia mmoja mmoja.

"Umekuja kwa ajili ya nani?"

"Rosemary Nekesa."

"Na wewe?"

"Rosemary Nekesa."

Mama mmoja akasema, "Mama Ivy," na Madam akatikisa kichwa. "Hapa hawamjui huyo. Huyo tunamjua sisi. Sema tena." Akasema tena. Mwenye jina alikuwa ameketi pale pale akisikia jirani zake wakilijaribu jina lake kwa mara ya kwanza, wengine wakilikosea na kulirudia. Alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa akilia, kidogo, na Madam alimpita bila kumkataza.

Kisha mlango ukafunguliwa. Karani akatoka na miwani yake puani, akaita kama aitavyo siku zote, bila kumtazama mtu.

"Rosemary Nekesa."

Benchi lilipiga kelele kwa namna tulivyoinuka. Tuliinuka sote, waliokaa na walioegemea, mzee wa redio akishikwa mkono, nami nikajikuta nimesimama ingawa sikuwa na ushahidi wowote. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kusimama. Karani aliinua macho, akatutazama kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, akavua miwani.

"Nimeita mtu mmoja," akasema.

"Ndiyo," Madam akamwambia. "Tumesikia."